Mkopeshaji mmoja ana daftari, wakopeshaji elfu wanahitaji gazeti

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar izindue mwaka 2025 sukuk yake, yaani hati za uwekezaji zinazofuata misingi ya Kiislamu, mazungumzo ninayoyasikia kwenye mabaraza ya mjini yamefuata njia mbili. Kuna wanaouliza kama faida yake ni halali kweli au ni riba iliyovishwa kanzu. Na kuna wanaoipima kwa siasa: anayeipenda Serikali anaisifu kabla hajaisoma, asiyeipenda anaihesabu kuwa ni deni jengine juu ya madeni. Maswali yote mawili yana haki yake, na masheikh na wanasiasa wapo wa kuyajibu. Lakini naona tumelipita jambo kubwa zaidi bila ya kulitazama. Siku Serikali ilipomwalika mwalimu wa skuli, mwenye duka wa Darajani na mstaafu wa Chake Chake waweke fedha zao kwake, iliwafanya wawe wadai wake. Na mdai anahitaji habari za aina yake. Hoja yangu ni kwamba uandishi wa habari za biashara na fedha, pale ulipokomaa duniani, ulikomaa kwa ajili ya mtu anayeidai dola, na kwamba hapa kwetu uandishi huo una zaidi ya miaka 130 bila ya kumfikiria mtu huyo. Tusipolibadilisha hilo sasa, tutakuwa tumewauzia watu hati kisha tukawaacha gizani.

Wengi hudhani habari za uchumi zilianza na skrini za masoko ya hisa. Zilianza na barua. Katika karne ya 16 ukoo wa Fugger wa mji wa Augsburg, Ujerumani, uliokuwa ukiwakopesha wafalme wa Ulaya, ulikusanya barua za habari zilizoandikwa kwa mkono kutoka miji ya mbali: vita vimefika wapi, meli zilizobeba fedha zimewasili au zimezama, nani anaumwa ndani ya kasri. Afya ya mfalme ilikuwa habari ya biashara, maana mfalme akifa, deni lake laweza kuzikwa naye. London, karne iliyofuata, mambo yakahamia kwenye nyumba ya kahawa ya Edward Lloyd, ambako manahodha, wenye meli na watoa bima walikuwa wakikaa pamoja na kupeana habari. Kutokana na mkusanyiko huo likaja kutoka, mwaka 1734, jarida la safari za meli la Lloyd's List. Mzanzibari hahitaji kufafanuliwa sana hapa: ni baraza la kahawa lililoamua kuandika. Habari iliyokuwa ya wachache waliokaa karibu na dele ilipewa tarehe, ikachapwa, ikauzwa kwa yeyote mwenye pesa ya kuinunulia.

Ila kisa kinachonifikirisha zaidi ni cha James Wilson, mtengeneza kofia wa Scotland, aliyeanzisha The Economist mwaka 1843 ili kupigania kuondolewa kwa ushuru wa nafaka Uingereza. Haukupita muda mrefu akawa mbunge, kisha akashika wadhifa mkubwa Hazina. Mwaka 1853 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chartered Bank, ile ambayo mwaka 1969 iliungana na benki ya Standard. Mwaka 1859 akapelekwa India kuzipanga upya fedha za serikali ya kikoloni baada ya uasi wa 1857. Akaleta kodi ya mapato, na mwaka uliofuata akafia Calcutta. Gazeti, Hazina na benki, vyote katika maisha ya mtu mmoja. Mkwewe Walter Bagehot, aliyekuja kuwa mhariri wa gazeti hilohilo, ndiye aliyeishauri Hazina mwaka 1877 ikope kwa hati za muda mfupi mfano wa hundi za wafanyabiashara. Dhamana za muda mfupi ambazo Benki Kuu ya Tanzania inazipiga mnada leo zimetokana na shauri la mhariri yule.

Nayataja haya kwa sababu lawama inayotolewa mara nyingi hapa kwetu ni kwamba waandishi wa uchumi wapo karibu mno na Serikali. Historia haituonyeshi wakati ambapo hawakuwa karibu. Mwandishi wa fedha asiyejuana na watu wa Hazina atakosa habari, kama mvuvi asiyejua bamvua na maji mafu. Wilson hakuwa malaika, na alichokifanya India alikifanya kwa faida ya mkoloni. Lakini gazeti lake lilikuwa na kitu kimoja kinachopaswa kutushughulisha: wasomaji wake walikuwa ndio wenye fedha zao ndani ya zile dhamana, na walikuwa wakilinunua kwa pesa zao. Likiwapotosha, wanapata hasara wao, na siku ya pili gazeti linakosa wanunuzi. Ukaribu wake na dola ulikuwa na mtu wa tatu anayeuangalia. Huyo wa tatu ndiye ninayemtafuta katika historia yetu.

Turudi Forodhani basi. Kuanzia miaka ya 1830, na kwa miongo kadhaa, masultani wa Zanzibar waliikodisha forodha kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, ambaye shughuli zake hapa kwa muda mrefu zilisimamiwa na Ladha Damji. Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza: mkodishaji anamlipa Sultani kwa mwaka kiasi walichopatana, kisha ushuru wa pembe, karafuu, gundi ya sandarusi na nguo anaukusanya yeye, na kinachozidi ni chake. Sultani akiishiwa katikati ya mwaka anakopa kwa huyohuyo mkodishaji. Deni linaandikwa katika vitabu vya mkodishaji, kwa Kigujarati, na kukatwa kwenye kodi ya miaka ijayo. Alipofariki Seyyid Majid mwaka 1870, deni la nyumba ile lilikuwa ni moja ya mambo makubwa aliyoyakuta mrithi wake, Seyyid Barghash. Baina ya mwaka 1876 na 1880 forodha iliingia mikononi mwa Tharia Topan, mfanyabiashara mwengine wa Kihindi, ikarudi kwa nyumba ya Jairam Shivji, na baadaye katika miaka hiyohiyo ya 1880 ikachukuliwa na dola yenyewe. Katika muda wote huo Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe na karafuu katika upande huu wa bahari, na haikuwa na gazeti la biashara. Kulikuwa na haja gani? Dola ilikuwa na mkopeshaji mkubwa mmoja, naye alikuwa na daftari na funguo za ghala. Idadi ya majahazi yaliyotia nanga aliijua kabla ya kasri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lilikuwepo, na mali haikupotea. Ilijulikana na mmoja tu.

Gazeti lilikuja na mtawala mpya. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, na bei za London na Bombay zikaanza kufika kwa saa badala ya majuma. Himaya ya Uingereza ikatangazwa mwaka 1890, na mwaka 1892 likaanza kutoka Gazette for Zanzibar and East Africa, moja ya magazeti ya mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki. Mtu akilisoma leo atakuta meli zilizoingia na kuondoka, bei za karafuu, mapato ya forodha na matangazo ya Serikali. Kwa kazi ya aina hiyo ni gazeti la kuheshimika, na wanahistoria wanalitegemea sana. Lakini angalia liliandikiwa nani. Kwa sehemu kubwa ni Kiingereza, kwa maofisa, mabalozi na nyumba za biashara. Mwaka 1895 Uingereza iliinunua IBEAC, kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ili ichukue ardhi iliyokuja kuwa Kenya, kwa paundi 250,000. Paundi 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha ambazo Wajerumani walimlipa Sultani kwa ajili ya pwani ya Mrima. Kwa maneno mengine, akiba ya Zanzibar ililipia sehemu kubwa ya kuanzishwa kwa koloni la mwengine. Mwenye shamba wa Wete au mchukuzi wa Malindi angelijulia wapi jambo hilo, na kwa lugha ipi? Gazeti lilikuwepo mjini. Msomaji wake hakuwa yeye.

Miaka ya 1930 ndiyo ninayoiona kuwa na mafunzo mengi zaidi, na kwa bahati mbaya ndiyo tunayoisahau. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, na wenye mashamba wengi, Waarabu kwa Waswahili, walikuwa wamezama katika madeni ya wafanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1934 Serikali ya himaya ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe kwa madeni, na ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, CGA, ambacho mwaka 1937 kilifanywa kuwa mshika mpini wa biashara yote ya kusafirisha karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na Congress, chama cha siasa cha India, ikawaunga mkono kwa kuwataka Wahindi wasinunue karafuu za Zanzibar, wakati India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa. Serikali ikalegeza kamba, na mapatano yakafikiwa mwaka 1938. Wakati wa mvutano huo Zanzibar ilikuwa na magazeti yanayojua hesabu: Samachar na Zanzibar Voice yakisemea wafanyabiashara wa Kihindi, na Al-Falaq, lililoanzishwa mwaka 1929, likisemea Jumuiya ya Waarabu na wenye mashamba. Haya yalikuwa magazeti ya biashara kwa maana kamili. Kila moja lilijua ushuru ni kiasi gani, nani anamdai nani, na amri mpya itamuumiza nani. Yaliibana Serikali kwa takwimu kwa sababu wasomaji wao walikuwa na mali ndani ya mgogoro. Aliyekosa gazeti ni mchumaji aliyepanda mkarafuu kwa ujira wa pishi, na mkulima aliyeishi ndani ya shamba la mtu bila ya hati. Kwa hiyo bei ikapiganiwa na magazeti matatu na mchumaji akaisikia kwa msimamizi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 magazeti ya watu binafsi yalifungwa. Ununuzi na usafirishaji wa karafuu ukaja kushikwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na mwaka 1966 ikaanzishwa Benki ya Watu wa Zanzibar. Sitaki nionekane nasema kwamba kila kilichofanywa kilikuwa kibaya. Kumwondoa mwenye daftari wa upande mmoja lilikuwa dai la haki, na mapato ya karafuu yalijenga nyumba, skuli na hospitali ambazo watu bado wanazitumia. Lakini mnunuzi, msafirishaji, mwenye benki na mwenye gazeti walikuwa sasa ni huyohuyo mmoja. Bei ya dunia ilipopanda katika miaka ya 1970, mkulima wa Pemba alilipwa sehemu ndogo tu yake, na hakukuwa na ukurasa wowote ambamo bei mbili hizo zingeweza kuwekwa bega kwa bega. Habari ya bei ya kweli ikawa inaletwa na magendo. Mtu aliyevuka na gunia usiku kwenda Mombasa alirudi na taarifa ya soko. Ni jambo la kusikitisha sana kwamba kwa miaka mingi vyombo vya magendo ndivyo vilivyofanya kazi ya gazeti la uchumi kisiwani Pemba.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 mlango ulifunguka kidogo. Sheria ya magazeti iliyoendelea kutumika ilikuwa ni ile namba 5 ya mwaka 1988, iliyotungwa kabla ya mfumo huo, na chini yake gazeti la Dira lilifungwa mwaka 2003, mwaka mmoja tu baada ya kuanza kwake. Bara walitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016, ila haivuki kuja huku, kwa kuwa habari si jambo la Muungano. Zanzibar Leo lipo tangu 2002, redio na televisheni zimeongezeka, na mitandao imejaa. Habari za uchumi nazo zimeongezeka sana, nalikiri hilo kwa furaha. Ila zimechukua umbo la hafla: mikataba inasainiwa, mawe ya msingi yanawekwa, hundi kubwa ya karatasi inashikwa na watu wanne mbele ya kamera.

Nimehudhuria nyingi ya hafla hizo. Katika moja, miaka michache nyuma, ulikuwa unasainiwa mkataba wa uwekezaji wa mali ya umma. Niliuliza maswali mawili: mkataba ni wa miaka mingapi, na Serikali itapata kiasi gani kwa mwaka. Nikajibiwa kwa heshima kabisa kwamba hayo yatatolewa taarifa baadaye. Nje tukapewa bahasha za nauli. Siku ya pili vyombo vitano viliandika habari ileile, kwa maneno yaleyale ya taarifa tuliyogaiwa, na namba mbili hizo hazikuwemo katika hata kimoja, kikiwemo changu. Taarifa ya baadaye sijaiona hadi leo. Mwenye kosa zaidi siku ile nilikuwa mimi, kwa kuwa niliandika habari nikijua haina kiini.

Wapo wanaotetea hali hii kwa hoja zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba habari za fedha ni nyeti: neno moja la gazetini linaweza kuwatisha wawekezaji, na kisiwa kidogo hakina nguvu ya kustahimili uvumi. Hofu hiyo haikutoka hewani. Novemba 2009, kampuni ya Dubai World ilipoomba iahirishiwe madeni, sukuk ya kampuni yake ya Nakheel ya dola bilioni 3.5 iliyokaribia kuiva ilitikisa masoko ya dunia, mpaka Abu Dhabi ilipoingilia kati kwa mkopo wa dola bilioni 10. Lakini ukitazama vizuri, kilichowashtua watu kilikuwa ni ughafla wenyewe. Kila mtu alikuwa ameandikiwa juu ya minara na visiwa vya kutengenezwa, na wachache mno walikuwa wameandikiwa ni nani hasa anadhamini deni lile. Kwetu Tanzania, kashfa ya EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu, ilipofumuka na ukaguzi ukaonyesha kuwa takriban shilingi bilioni 133 zilitolewa Benki Kuu isivyostahili, Gavana aliondolewa Januari 2008, magazeti yakaandika kwa miezi, na Benki Kuu haikuanguka. Iliendelea kukopa na kulipa kama kawaida.

Na kama tunataka kujua ukimya na sifa vinagharimu kiasi gani, mfano upo Ufaransa. Kabla ya vita vya 1914, Urusi ya wafalme iliuza hatifungani zake kwa wingi kwa wananchi wa kawaida wa Ufaransa: wenye maduka, watumishi wa ndani, wakulima. Wizara ya Fedha ya Urusi ilikuwa na wakala wake Paris, Arthur Raffalovich, aliyekuwa akiyalipa magazeti ya huko ili yaendelee kuandika kwamba Urusi ni imara. Mwaka 1918 serikali ya Wabolshevik ikayakana madeni yale, na Wafaransa zaidi ya milioni moja wakabaki na karatasi. Barua za Raffalovich zilikuja kuchapishwa na gazeti la L'Humanité mwaka 1923 na 1924, zikiwa na majina ya magazeti na kiasi kilicholipwa. Sisemi kwamba Zanzibar ni Urusi ya wafalme, wala sina sababu ya kusema kuwa sukuk yetu haitalipwa; natumai italipwa hadi senti ya mwisho. Nasema kwamba wale wasomaji wa Paris nao walikuwa wakisoma habari za uchumi kila siku.

Hoja ya pili ni nzito kuliko hiyo, nami sina jibu jepesi kwake. Chombo cha habari Zanzibar kinaishi kwa matangazo, na watangazaji wakubwa ni taasisi za Serikali, benki, kampuni za simu na hoteli. Idadi ya wanunuzi wa gazeti hapa haimlishi mhariri. Kumwambia mhariri huyo awe na meno mbele ya mtangazaji wake mkubwa ni kumtaka ale hasara kwa niaba ya watu wasiomlipa. Ndiyo maana siamini kwamba dawa ni semina za siku tatu za kuwafundisha waandishi kusoma mizania, ingawa ujuzi huo unahitajika. Mwandishi anayejua kusoma mizania lakini hana mahali pa kuichapisha atahamia kitengo cha uhusiano cha taasisi fulani, na wengi wazuri wamekwenda huko. Sukuk ndiyo nafasi ya kwanza niliyoiona ya kulivunja fundo hili, kwa sababu inatengeneza kundi la watu wenye sababu ya mfukoni ya kulipia habari.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ninayoisikia zaidi kwa wahariri wenzangu: kwamba wananchi hawapendi hesabu, wanataka mpira na siasa. Anayesema hivyo hajakaa kituo cha kununulia karafuu msimu ukiwa umekolea. Nilikaa Wete asubuhi moja. Gunia linamiminwa, mkono wa mpimaji unaingia katikati na kuchota, karafuu inavunjwa kwa kidole kusikiliza ukavu wake, makonyo yanaangaliwa, daraja linatajwa. Wenye karafuu wote waliopanga foleni wananyamaza mpaka mizani itulie. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu alitoa ndani ya mfuko wa plastiki daftari la skuli la kurasa 80, jalada lake limeshonwa kwa uzi. Ndani yake alikuwa ameandika, kwa herufi za Kiarabu, kila mzigo aliouza kwa misimu kadhaa: tarehe, kilo, daraja, bei, jina la aliyepima. Pembeni, kwa wino mwekundu, bei ya Mombasa kama alivyoisikia. Aliniuliza swali ambalo sijalisoma katika gazeti lolote letu. Serikali imesema mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Sawa, akasema, asilimia 80 naiona mkononi. Hiyo mia yenyewe iko wapi, nani ananisomea? Mtu huyu anapenda hesabu kuliko mhariri yeyote ninayemjua. Tunachomnyima ni ile namba ya pili, ambayo bila yake ya kwanza haina maana.

Na hapo ndipo sukuk inapokuwa tafauti na mkopo wa kawaida kwa namna inayowahusu waandishi moja kwa moja. Mwenye hatifungani ya kawaida anaidai Serikali pesa na riba, na anachohitaji kujua ni kama Serikali ina uwezo. Mwenye sukuk, kwa msingi wa fiqhi, ana fungu katika mali fulani au manufaa yake, na faida anayopata inatakiwa itokane na mali hiyo, kwa njia kama ijara, yaani ukodishaji. Kwa hiyo maswali yake ni mengi zaidi: ni mali gani, imekadiriwa thamani na nani, inakodishwa kwa nani, nini kitatokea ikiharibika. Ghushi, yaani udanganyifu, na gharari, yaani kuuza kisichojulikana vyema, zimekatazwa kwa sababu mnunuzi asiyejua anachokinunua hajafanya biashara ya kuridhiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ni ya madeni, na inaamrisha deni la muda liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na asikatae kuandika. Mimi si mwanachuoni, na aya hiyo haizungumzii magazeti. Lakini jamii iliyolelewa katika mafundisho hayo haiwezi kuambiwa kwamba kutaka maandishi ni kutaka fitina. Wanaojadili uhalali wa sukuk barazani na wanaodai uwazi wake wanadhani wana mazungumzo mawili. Ni moja.

Waraka wa toleo la hati kama hizi huandikwa na wanasheria kwa ajili ya wanasheria. Kazi ya gazeti huanzia pale waraka unapoishia: kuufasiri kwa Kiswahili cha mtu wa Mkoani, kisha kuufuata, robo mwaka kwa robo mwaka, kama tunavyofuata msimamo wa ligi. Malipo ya faida yalipangwa lini, yametoka lini. Mradi uliotajwa umefika wapi, na picha ipigwe na mpigapicha wetu badala ya ile iliyotumwa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inapokabidhiwa Ikulu tunapeleka kamera. Inapojadiliwa na Kamati ya Hesabu ya Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, viti vya waandishi viwe vimejaa vilevile. Hotuba ya bajeti isomwe na mtu mwenye ya mwaka jana mkononi. Na habari iliyolipiwa iandikwe juu kabisa kwamba imelipiwa, kwa herufi za ukubwa uleule. Hakuna hata moja katika haya linalosubiri sheria mpya, ijapokuwa sheria mpya tunaidai na tutaendelea kuidai. Linasubiri mhariri akubali kwamba msomaji wake amebadilika.

Kwa upande wangu nimeanza na jambo moja dogo. Wiki iliyopita nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa afisi inayohusika, nikiomba niwekewe kwa Kiswahili orodha ya mali zilizofungamanishwa na sukuk, thamani ya kila moja na tarehe za malipo, ili nizichapishe kwenye safu hii kila zinapobadilika. Nakala nimeibandika ukutani juu ya meza yangu. Likija jibu nitalichapisha lote. Lisipokuja, kila mwezi nitachapisha tarehe niliyoipeleka barua.